Mkutano mkuu, mwenyekiti na fedha zetu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu serikali ya kijiji na mtaa

Nilikuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji chetu, mkoani Morogoro, kwa kipindi kizima cha miaka mitano. Nimeshatoka, lakini maswali hayajakoma. Watu hunisimamisha njiani, kwenye msiba, kisimani, na ndugu walioko mjini hunipigia simu usiku. Nimeyaweka hapa yale yanayorudi kila mara. Majibu yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar nimeigusa karibu na mwisho.

Serikali ya kijiji ni serikali kweli, au ni kamati tu ya kutusaidia?

Ni serikali. Ibara za 145 na 146 za Katiba ndizo zinazoweka serikali za mitaa, na ibara ya 146 inataja wazi kwamba madhumuni yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Sheria zinazoziendesha ni Sheria Na. 7 ya 1982 kwa wilaya na vijiji, na Na. 8 ya mwaka huohuo kwa miji. Wazee wanakumbuka kipindi ambacho hazikuwapo: mwaka 1972 zilifutwa chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, na maamuzi yakawa yanashuka kutoka mkoani na wilayani. Halmashauri za wilaya zilirudi kufanya kazi mwaka 1984. Nalitaja hili kwa sababu wapo vijana wanaodhani kijiji kina mamlaka kwa hisani ya mkuu wa wilaya. Hapana, ni kwa sheria.

Leo kuna halmashauri 184 za wilaya na miji nchini, na chini yake vijiji zaidi ya 12,000, mitaa zaidi ya 4,000 na vitongoji karibu 64,000.

Balozi wa nyumba kumi naye ni kiongozi wa serikali?

Si wa serikali. Balozi ni kiongozi wa chama kwenye shina lake. Enzi za chama kimoja mambo haya yalikuwa yameungana, ndiyo maana hadi leo watu humpelekea kila kitu, kuanzia mgeni aliyeingia hadi ugomvi wa mipaka. Tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, ngazi ya chini kabisa ya serikali kijijini ni kitongoji na mwenyekiti wake. Balozi anaweza kuwa mtu wa busara na msaada mkubwa kwa jirani, ila saini yake haimfungi mtu yeyote kiserikali.

Nani mwenye kauli ya mwisho kijijini, mwenyekiti au mtendaji?

Wote wawili wako chini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni wakazi wote wa kijiji waliofikisha miaka 18, awe mwanachama wa chama hiki au kile au hana chama, mzaliwa au aliyehamia. Sheria inauita chombo chenye mamlaka ya juu katika sera na mambo yote makuu ya kijiji.

Mkutano mkuu huchagua halmashauri ya kijiji yenye wajumbe kati ya 15 na 25, na angalau robo yao wawe wanawake. Halmashauri hukutana kila mwezi na kugawana kazi kwenye kamati: fedha na mipango, huduma za jamii, ulinzi na usalama. Mwenyekiti huongoza vikao. Mtendaji wa kijiji ni katibu, mwajiriwa wa halmashauri ya wilaya, anayetunza kumbukumbu, kukusanya mapato na kutekeleza yaliyoamuliwa. Mwenyekiti anawajibika kwa waliomchagua, mtendaji ana mwajiri wilayani. Wawili hao wakigombana kijiji hukwama. Wakielewana kupita kiasi, hapo ndipo mkutano mkuu unapaswa kufungua macho zaidi.

Mkutano mkuu unatakiwa kuitishwa mara ngapi? Kwetu umepita mwaka mzima.

Kila baada ya miezi mitatu, yaani mara nne kwa mwaka, na wa dharura unapohitajika. Mwaka mzima bila mkutano ni kuvunja sheria.

Anzeni kwa barua, msianze kwa kelele. Wakazi kadhaa waandike kwa mwenyekiti kuomba mkutano, wataje hoja zao, waweke majina na saini, nakala iende kwa mtendaji wa kata na diwani. Mtu apeleke kwa mkono na agongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala anayobaki nayo. Barua yenye muhuri wa mapokezi ina miguu. Malalamiko ya kijiweni huishia kijiweni. Ikipita muda bila jibu, nakala hiyohiyo ipelekeni kwa mkurugenzi wa halmashauri.

Mkutano ukiitwa watu hawaji. Tufanye nini?

Wengi wanasema wananchi ni wavivu wa mikutano. Sikubaliani. Watu huacha kuja pale wanapoitwa kusikiliza tu. Wakiketi kwa muda wa saa tatu kupokea maelekezo, kisha dakika tano za mwisho mwenyekiti aulize "kuna swali?" huku jua linazama, mara ya pili hawatakuja.

Kwetu tulibadilisha mambo machache. Mkutano ukahamishwa kutoka siku ya gulio. Tangazo likabandikwa kwenye ubao wa ofisi, shuleni, msikitini na kanisani siku kadhaa kabla, likiwa na ajenda, siyo "nyote mnakaribishwa" peke yake. Na mapato na matumizi yakapandishwa kuwa ajenda ya pili, mara tu baada ya muhtasari. Mahudhurio yaliongezeka msimu huohuo. Watu wakijua fedha itazungumzwa mapema, wanawahi.

Mapato na matumizi yanatakiwa kusomwa vipi?

Yasomwe kwenye kila mkutano mkuu wa kawaida na yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Kusoma maana yake ni kutaja kila chanzo na kila matumizi kwa kiasi chake, na vitabu vya stakabadhi viwe mezani.

Nakumbuka mkutano mmoja chini ya mwembe wa ofisi. Mtendaji alisoma taarifa ya miezi mitatu: ushuru, faini, kodi ya vibanda vya gulio. Kisha matumizi: karatasi, usafiri, ukarabati wa choo cha ofisi, na mwisho kabisa "mengineyo, shilingi laki nne na elfu sitini." Alikuwa ameshafunga daftari pale mama mmoja anayeuza maandazi stendi alipoinuka, mtoto mgongoni. Akasema, "Shikamoo mwenyekiti. Mimi nikimwambia mume wangu hela ya nyumbani imekwenda kwenye mengineyo, hatanielewa. Hayo mengineyo ni nini?"

Watu wakacheka, kisha wakanyamaza. Daftari likafunguliwa tena. Ilikuwa posho ya kikao cha dharura, mafuta ya pikipiki, na elfu themanini zisizo na stakabadhi. Mkutano ukaazimia zirudishwe kabla ya mkutano unaofuata, na zikarudishwa. Swali lenyewe lilichukua nusu dakika. Tangu siku ile neno "mengineyo" halikusomwa tena kijijini kwetu bila orodha yake.

Muhtasari una umuhimu gani? Sisi tunajua tulichokubaliana.

Hili ningepewa nafasi ningelibandika kwenye mlango wa kila ofisi ya kijiji. Mnachojua ninyi, ngazi ya juu haikijui. Kata na wilaya huuliza kitu kimoja: azimio liko wapi?

Mwaka wangu wa kwanza tulikubaliana kwenye mkutano, kwa mikono kunyooshwa, kwamba kipaumbele chetu ni kisima cha kitongoji cha juu. Kila mtu alirudi nyumbani ameridhika. Hoja ilipofika kwenye kata tukaombwa muhtasari. Ulikuwa na ukurasa mmoja, umejaa hotuba ya mgeni rasmi, na kisima hakikutajwa popote. Bajeti ikapita bila sisi. Akina mama wa kitongoji kile waliteka maji mtoni mwaka mwingine mzima kwa sababu ya mstari mmoja ambao haukuandikwa. Mimi nilikuwa mjumbe na sikuomba usomwe kabla ya kutiwa saini. Naona uchungu hadi leo.

Basi mkutano ukianza, hakikisheni muhtasari uliopita unasomwa na kuthibitishwa, halafu mpitie yatokanayo moja baada ya jingine: liliazimiwa nini, nani alipewa, limefikia wapi. Na kabla ya kufunga, mtu mmoja aseme: "Mwenyekiti, tunaomba maazimio ya leo yasomwe." Si utovu wa adabu.

Mtaa una tofauti gani na kijiji?

Mtaa upo mijini: kwenye halmashauri za miji, manispaa na majiji. Una mwenyekiti wa kuchaguliwa, kamati ya mtaa, mtendaji wa mtaa na mkutano wa wakazi. Tofauti kubwa ni kwamba kijiji kina mamlaka yake kisheria, kinaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, na kutunga sheria ndogo. Mtaa hauna uwezo huo. Maamuzi makubwa hufanywa manispaa. Kwa hiyo mkazi wa mjini anapaswa kumfuatilia diwani wake kwa karibu kuliko hata sisi wa vijijini.

Nina kadi ya mpiga kura lakini nilikataliwa kumchagua mwenyekiti. Kwa nini?

Kwa sababu ni madaftari mawili tofauti. Kadi unayotumia kumchagua Rais, mbunge na diwani inatokana na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji wa 27 Novemba 2024 ulisimamiwa na TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na ulikuwa na orodha yake, iliyoandikishwa kitongojini na mtaani kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba mwaka huo. Ambaye hakujiandikisha siku zile hakupiga kura, hata kama kadi yake ilikuwa mfukoni. Anayetaka kugombea alitakiwa awe na miaka 21 au zaidi na adhaminiwe na chama cha siasa.

Diwani kazi yake ni nini hasa?

Diwani ni mwakilishi wa kata kwenye baraza la madiwani, na huchaguliwa siku ya uchaguzi mkuu. Kwenye kata yeye ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo wengi tunaiita WDC. Mtendaji wa kata ni katibu na wenyeviti wa vijiji au mitaa ni wajumbe. Vipaumbele vya vijiji hukutana hapo, hupimwa, kisha huenda wilayani.

Watu humpima diwani kwa alichotoa mfukoni: mabati, jezi, mchango wa msiba. Ni moyo mzuri, lakini siyo kazi tuliyompa. Kazi yake ni kupitisha bajeti, kutunga sheria ndogo na kuwasimamia watendaji. Mwulizeni: baraza lililopita ulisema nini juu ya kata yetu? Umepeleka swali gani? Fedha ya zahanati yetu imefika asilimia ngapi?

Naweza kuhudhuria baraza la madiwani?

Unaweza. Vikao vya baraza ni vya wazi kwa wananchi na waandishi wa habari, isipokuwa baraza likiamua kujifungia kwa jambo maalumu. Baraza la kawaida hukaa kila robo mwaka. Huruhusiwi kuchangia, unakaa kwenye viti vya wageni na kusikiliza. Nendeni hata watatu kwa zamu. Diwani akiona watu wa kata yake wamekaa nyuma, huongea tofauti.

Mkuu wa wilaya na mkurugenzi, tofauti yao ni ipi?

Mkuu wa wilaya anaiwakilisha Serikali Kuu. Mkurugenzi ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri na katibu wa baraza. Wote huteuliwa na Rais. Shida ya usalama au mgogoro mkubwa, nenda kwa mkuu wa wilaya. Shida ya huduma, watumishi na fedha za halmashauri, nenda kwa mkurugenzi.

Halmashauri ya kijiji inaweza kumpa mwekezaji ardhi bila kutuuliza?

Haiwezi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu kutolewa kwanza. Inaitaka pia itoe taarifa ya usimamizi wa ardhi kwenye kila mkutano mkuu wa kawaida na izingatie maoni ya wananchi.

Ujanja ulivyo, mara nyingi hakuna anayeghushi sheria. Kinachoghushiwa ni orodha ya mahudhurio. Watu husaini karatasi tupu kwa ajili ya "semina" au chakula cha msaada, kisha ile karatasi inaambatishwa kwenye muhtasari wa kugawa ardhi. Usitie saini wala dole gumba kwenye karatasi isiyo na kichwa cha habari na tarehe. Waambieni na wazee wenu wasioweza kusoma. Mgogoro ukishatokea, anzeni na baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha.

Nalazimika kulipa michango ya maendeleo?

Inategemea mchango umepitia njia gani. Kama mkutano mkuu ulikubali, halmashauri ya kijiji ikatunga sheria ndogo, na halmashauri ya wilaya ikaiidhinisha, basi inafunga kila mtu. Bila hatua hizo ni ombi, na ombi hukubaliwa kwa hiari. Mgambo kuchukua kuku au baiskeli ya mtu kwa mchango uliotangazwa juzi kwenye kipaza sauti ni uonevu. Na fedha yoyote inayotolewa iandikiwe stakabadhi palepale, hata ikiwa elfu moja.

Barua ya utambulisho inalipiwa?

Ni huduma ya kawaida ya ofisi. Wenyeviti hawana mshahara, hupata posho pale halmashauri inapoweza, na hapo ndipo "hela ya wino" inapozaliwa. Nawaonea huruma wenyeviti kweli. Wengi hutumia simu na nauli zao kwa kazi zetu. Lakini dawa yake ni kuidai wilaya iwalipe posho zao, siyo kumtoza mgonjwa anayetafuta barua ya hospitali. Ukitozwa, uliza sheria ndogo na stakabadhi. Ukilazimishwa, TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa namba 113.

Mikopo ya asilimia kumi tunaipataje?

Tangu 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023 baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuonyesha vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa, ikarudi katika mwaka wa fedha 2024/25 kwa utaratibu mpya. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata ili kikundi kisajiliwe. Na mkutano mkuu una kazi hapa: ombeni majina ya vikundi vilivyokopeshwa yasomwe. Kikundi hewa hakiwezi kupona mbele ya watu wanaofahamiana kwa majina ya utoto.

Wanawake wanakuja lakini hawasemi. Tufanyeje?

Angalieni wanakaa wapi. Kwetu walitandika khanga nyuma kabisa, karibu na njia, tayari kuondoka kupika, na sauti ya mwenyekiti haikuwafika. Tulisogeza meza hadi katikati na kuanza saa nane badala ya saa kumi. Mwenyekiti akaanza kutoa nafasi kwa zamu: mwanamume mmoja, mwanamke mmoja. Wazee wawili walinung'unika mkutano wa kwanza, wa pili wakazoea.

Tumemwandikia mtendaji kuomba taarifa, amekaa kimya.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Andikeni upya, taja sheria hiyo, taja taarifa moja au mbili mahususi. "Tunaomba taarifa zote za fedha" hupuuzwa kirahisi. "Tunaomba kiasi kilichopokelewa kwa ujenzi wa darasa la Tano B na orodha ya vifaa vilivyonunuliwa" ni vigumu kukwepa.

Tunaweza kumwondoa mwenyekiti kabla ya miaka mitano?

Ndiyo, mkutano mkuu una uwezo huo, na naye ana haki ya kusikia tuhuma na kujibu. Msiende na hasira tupu. Leteni tarehe, stakabadhi na muhtasari. Nimeona mwenyekiti mwema akiponea chupuchupu kwa fitina ya ukoo.

Zanzibar ni hivihivi?

Hapana. Kule ngazi ya chini ni shehia, na sheha huteuliwa, hachaguliwi.

Naogopa kusimama mbele ya watu. Nianzeje?

Andika swali lako kwenye kipande cha karatasi usiku wa kuamkia mkutano. Swali moja, lisizidi mistari miwili, liwe na namba au tarehe ndani yake. Kaa mbele. Nyoosha mkono mapema, ajenda inapofunguliwa, usisubiri ajenda ya mwisho ya "mengineyo." Ukipewa nafasi salimia, taja jina lako na kitongoji chako, soma swali kama ulivyoliandika, kisha kaa. Likijibiwa au lisijibiwe, mwambie katibu: "Naomba liandikwe."